Kumuuguza mtu wa kiharusi nyumbani: ninayowaambia watu wa Ngamiani

Kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Asubuhi niko hospitali, jioni napanda baiskeli naingia mitaa ya Tanga, Ngamiani, Makorora, Mabawa, nawafuata wagonjwa majumbani kwao. Wengi ni watu wa kiharusi. Haya ndiyo ninayoyasema nikishakaa ukumbini kwa watu, chai imeletwa, na kila mmoja ana swali lake. Nayaandika kwa sababu nayakuta yaleyale kila mara: mgonjwa kafikishwa hospitali siku ya tatu, bega limeteguka kwa kuvutwa, ngozi imeungua kwa kukandwa, na binti mmoja kabebeshwa kazi ya watu watano.

Saa ya kwanza

Kiharusi ni sehemu ya ubongo kukosa damu ghafla. Ama bonge la damu limeziba mshipa, ama mshipa umepasuka na damu inamwagika ndani ya kichwa. Neno la kushika hapo ni ghafla. Mzee yuko barazani na kahawa yake, kikombe kinamponyoka. Mama anasuka ukili, mara mkono mmoja haufuati tena. Ukiona jambo la namna hiyo, mpime mtu huyo papo hapo alipo, huhitaji chombo chochote.

Mwambie acheke uone meno. Mdomo umekwenda upande? Mwambie anyanyue mikono miwili kama anayeomba dua, viganja juu, afumbe macho, nawe uhesabu mpaka kumi. Mkono mmoja ukishuka wenyewe, au kiganja kikijigeuza kikatazama chini, umepata jibu. Kisha aseme "haba na haba hujaza kibaba". Naitumia methali hii kwa kuwa kila mtu anaijua tangu utotoni, na zile b zake hazimsitiri mwenye ulimi mzito. Kimoja tu kati ya vitatu hivyo kinatosha kuita usafiri. Kuna na dalili nyingine ambazo hazionekani usoni: kupoteza kuona ghafla, kizunguzungu cha kushindwa kusimama, au kichwa kuuma kwa namna ambayo mtu hajawahi kuijua maishani mwake. Nazo ni za kukimbilia hospitali.

Halafu angalia saa. Daktari atakuuliza mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi, na hilo si sawa na kuuliza mmemkuta saa ngapi. Aliyelala saa tatu usiku akiwa mzima, akaamka saa kumi na moja alfajiri mdomo umepinda, saa yake inahesabiwa tangu saa tatu. Iandike kiganjani kwa kalamu, maana mkifika mapokezi kila mtu atakuwa na saa yake.

Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Hospitali zinazoitoa nchini bado ni chache, na ndipo watu huniuliza: sasa haraka ya nini? Haraka ina kazi nyingine. Sukari ikishuka sana humfanya mtu aonekane kapigwa na kiharusi, na hiyo hutibika kwa dakika chache ikipimwa. Kipimo cha kichwa ndicho kinachoamua dawa zote zinazofuata, na mashine hizo sasa ziko katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, si lazima tena kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC. Presha inahitaji kushikwa kwa hesabu, koo linahitaji kupimwa kabla mtu hajala. Na wakati nyinyi mnajadiliana, ubongo unaendelea kufa: mshipa mkubwa ukiziba, makadirio ya wataalamu ni seli milioni 1.9 kila dakika.

Mkiwa mnasubiri bajaji, msimpe kitu chochote mdomoni. Si maji, si chai, si asali. Koo linaweza kuwa limepooza pamoja na mkono, na kinachomezwa kikaenda kwenye mapafu. Msimpe aspirini, kwa sababu hamjui kama ni kuziba au kupasuka, na aliyepasuka mshipa aspirini itazidi kumwaga damu yake. Na kile kidonge cha presha cha jirani kinachowekwa chini ya ulimi kiacheni kabisa. Presha ikishushwa kwa mpigo, sehemu ya ubongo iliyokuwa inapata damu kwa taabu inakosa hata hiyo. Mlazeni ubavu, hasa kama anatapika au hajitambui, mtoeni meno ya bandia kama anayo, fungueni vifungo vya shingoni. Msimsubiri kaka mkubwa atoke kazini ndipo aamue. Apigiwe simu, aelekee hospitali, mtakutana huko.

Sasa hili la upepo. Huku kwetu mtu akipooza ghafla hawakosekani wa kusema kakumbwa, katupiwa kitu. Sibishani na mtu juu ya imani yake, na sijamwona mgonjwa aliyedhurika kwa kusomewa. Ninachoomba ni utaratibu. Kisomo kisomwe njiani, ndani ya bajaji, mwalimu apande naye. Kinachoumiza ni kupelekwa kwanza kijijini, kuchanjwa chale, kufukizwa, kunyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya, ilhali koo halimezi. Na kukandwa kwa maji ya moto au mchanga wa moto: upande uliopooza mara nyingi hausikii joto, kwa hiyo mgonjwa hasemi "yanachoma", na jioni ngozi inainuka malengelenge.

Kuna kiharusi kinachokuja na kuondoka. Mkono unalegea, maneno yanagoma, baada ya robo saa kila kitu kimerudi. Mtu anamshukuru Mungu, anarudi dukani kwake. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko vyote, kwa sababu kiharusi kamili hupenda kufuata, na hatari kubwa iko katika siku mbili za mwanzo. Nenda hospitali siku ileile, hata kama unajisikia mzima wa kukimbia.

Msifikiri pia kwamba ni maradhi ya wazee peke yao. Mtoto mwenye selimundu akianza ghafla kuchechemea au kuangusha kijiko, haraka ni ileile. Mjamzito au mzazi aliyejifungua karibuni mwenye presha, vilevile.

Presha, na pakiti ya chumvi

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya katika sehemu mbili za Tanzania, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na eneo la Dar es Salaam. Wakisha kusawazisha hesabu za umri, Hai ilipata watu 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam ilipata 315.9. Karibu mara tatu, nchi moja, miaka ileile. Mimi huitaja hesabu hii kila mtu anaponiambia kiharusi ni majaaliwa tu. Majaaliwa yapo, lakini yasingejua mpaka wa wilaya.

Kinachoongoza ni presha, na presha haiumi. Ukisubiri kichwa kigonge ndipo upime, umechelewa. Pima ukiwa mzima, na pima inavyotakiwa, kwa sababu vipimo vingi vya madukani hupimwa ovyo. Kaa kitini dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote imekanyaga chini, bila kukunja nne. Kama umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, ngoja nusu saa. Nenda haja ndogo kwanza. Mkono uwe umelala juu ya meza usawa wa moyo, na kile kitambaa kifungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa baibui. Usizungumze. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, na siku nyingine ukarudia ukapata vilevile, hiyo ni presha, uonane na daktari.

Mkipewa dawa, hapo ndipo penye vita yangu na nusu ya mtaa. Mtu anameza miezi miwili, anapima, anaona 120 kwa 80, anatangaza kwamba presha imekwisha. Haijakwisha, bwana. Hiyo 120 ni kazi ya kidonge. Ukikiacha inarudi kimya kimya kama ilivyokuja. Wengine hugawana: shemeji anapewa vidonge vitano vya shangazi mpaka atakapopata hela. Dawa ya presha haina "watu wote". Mwingine ana moyo, mwingine ana figo, mwingine ana mimba.

Kwa wanaofunga, msisubiri mwezi uandame. Nendeni kliniki Shaabani, mumwambie daktari kwamba mnataka kufunga. Dawa nyingi za presha ni za mara moja kwa siku, na daktari anaweza kuzipanga zikaangukia daku au futari. Kinachovuruga ni mtu kujipangia mwenyewe, akaruka siku kumi kisha akajaziliza.

Kuhusu chumvi sisi wa pwani tuna papa na ng'onda, na sitamwambia mtu aache papa kwa sababu mimi mwenyewe sijaacha. Mloweke tangu usiku, umwage maji, umloweke tena, na mchuzi wake usiingie chumvi hata chembe. Asiwe kitoweo cha kila siku. Yale maembe mabichi ya chumvi na pilipili shuleni, hayo nayapinga kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kasoro ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Sasa hesabu nyumbani kwako. Watu sita ni gramu 30, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 16, na kwa kweli inapaswa kuvuka hapo, maana mkate una chumvi yake, papa ana yake, na vile vipakiti vya viungo vina yake. Andika tarehe juu ya pakiti siku unayoifungua. Hakuna kipimo cha nyumbani kinachosema kweli kuliko hicho, na mpishi hawezi kukikatalia.

Sukari, sigara, pombe na unene mnavijua, mmeshaambiwa sana. Tembeeni. Tanga ni mji wa baiskeli, na bado vijana wanapanda bodaboda kutoka Barabara ya Nane mpaka ya Kumi na Mbili.

Mkishatoka wodini

Kabla hamjaondoka hospitali, ulizeni maswali haya mpaka mjibiwe: kiharusi chake ni cha kuziba au cha kupasuka? Anameza salama? Dawa zipi ni za kumaliza na zipi ni za maisha? Arudi lini? Nani atatuonyesha jinsi ya kumnyanyua? Hili la mwisho msikubali kuelezwa kwa mdomo. Yule atakayekuwa naye chumbani, hata kama ni dada wa kazi au mjukuu, ndiye aonyeshwe, amnyanyue mbele ya mtaalamu.

Chakula kwanza. Watu hushangaa nikiwaambia maji ndiyo magumu kumeza kuliko ugali laini. Maji yanakimbia, koo lililolegea haliwahi kufunga njia. Uji mzito, ndizi iliyopondwa, viazi vilivyolainishwa, hivyo huenda taratibu. Akae wima kabisa, kidevu kimeshuka kidogo, kijiko kidogo, kipelekwe upande mzima wa mdomo. Akimeza, tazama shavu la upande uliopooza, mara nyingi tonge limejificha huko na yeye hajui. Abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa, sauti ikawa ya majimaji, au homa ikaanza, rudini hospitali. Nimonia huwaondoa wengi ambao kiharusi chenyewe hakikuwamaliza.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Ni kazi ngumu, ndiyo maana haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Kila mkimwogesha kagueni kifandugu, nyonga na visigino. Wekundu usioondoka, au kwa ngozi nyeusi mahali palipoiva, pa moto au pagumu, ni kidonda kinachoanza. Shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo.

Sasa bega, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Misuli inayoshikilia mkono begani ikipooza, mkono unaning'inia kwa uzito wake wenyewe. Mtu anakuja, anamshika mkono ule, "Bibi, inuka basi," anauvuta. Mfupa unatoka kwenye kikombe chake, na kuanzia hapo bibi ana maumivu yatakayomzuia kufanya zoezi lolote. Usimvute mkono. Usimnyanyue kwa kumtia mikono makwapani. Akiwa amekaa, mkono ule ulale juu ya mto mapajani. Kumsimamisha, mfunge kikoi au kanga iliyokunjwa kiunoni, hiyo ndiyo iwe mshikio wako. Aketi kwenye ukingo wa kitanda, miguu imerudi nyuma kidogo chini ya magoti, nawe simama upande uliopooza. Mwambie ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha asukume kwa miguu. Wengi hushindwa kusimama kwa sababu wanajaribu kunyanyuka wakiwa wameegemea nyuma. Pua ikivuka vidole, mwili unapanda karibu wenyewe. Nimemwona bibi mmoja mnene, ambaye wajukuu wawili walikuwa wanatoka jasho naye kila asubuhi, akasimama kwa mkono wa binti mwembamba wa miaka kumi na minne aliyekuwa amejua hilo la pua.

Fimbo ishikwe mkono mzima, si upande ulioumwa. Kwenye ngazi, kupanda unaanza mguu mzima, kushuka unaanza mguu mgonjwa. Kuvaa shati anza mkono uliopooza, kuvua anza mkono mzima. Kandambili zitupwe, avae viatu vyenye mkanda nyuma. Mikeka na zulia zinazoteleza ziondoke njiani. Kile kiti cheupe cha plastiki kiegemezwe ukutani, kisirudi nyuma anapokalia.

Choo cha kuchuchumaa kinawatesa sana. Fundi seremala yeyote anaweza kutoboa kiti imara cha mbao kikawekwa juu ya tundu, na fundi mwashi akazika bomba la chuma ukutani la kushika, upande ule mkono wake ulio mzima. Nimeona mgonjwa aliyekuwa hataki kula mchana kwa sababu ya fedheha ya kupelekwa chooni na mkwewe. Kiti kilipofika, akala.

Na hapa nafika kwenye neno langu kubwa. Huruma ikizidi inamlemaza mtu. Ubongo hujifunza upya kwa kutumiwa, na kila jambo mnalomfanyia ambalo angeweza kulifanya kwa taabu, mmemnyang'anya zoezi. Akichukua dakika ishirini kufunga vifungo vitatu, mwacheni achukue. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye kasi kubwa ya kupona, lakini sikubaliani na wanaosema baada ya hapo basi. Nina watu walioanza kufungua vidole mwaka wa pili.

Mazoezi yawe mafupi na ya mara nyingi, siyo saa nzima ya kumchosha. Uchovu wa kiharusi si uvivu, ubongo ulioumia unafanya kazi ya ziada kwa kila hatua. Na ule mpira wa kufinya ambao kila mgeni analeta, mimi simpi mtu ambaye mkono wake umeshajikunja. Mkono huo una nguvu za kukunja tele, haujui kufungua. Mpe kazi ya kufungua: kuchambua mchele kwenye ungo kwa mikono yote miwili, kumenya njugu, kusukuma kitambaa mezani kiganja kikiwa wazi. Kwa wazee wa kiume dawa yangu ni bao. Lina kete 64, na mchezaji anaokota, anabeba, anasambaza moja moja, tena na tena, huku akibishana. Hakuna mashine ya vidole inayonishawishi zaidi. Sharti langu ni moja, atumie mkono ulioumwa, na wenzake wawe na subira. Wakicheka, wacheke kwa sababu kafungwa.

Maneno, machozi

Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi huchukua maneno. Mtu anataka kusema "maji", kinatoka kitu kingine, au hakitoki kitu. Hajawa kiziwi, wala akili haijaondoka. Kwa hiyo msipige kelele, na msimzungumzie kama hayupo. Zimeni redio, aseme mtu mmoja kwa wakati, maswali yawe ya ndiyo na hapana: unataka maji? Unataka kulala? Kisha ngojeni. Ngojeni kweli, hesabuni mpaka kumi moyoni kabla ya kummalizia neno. Msishangae mkimsikia akisoma Alhamdu yote bila kukosea, au akiimba wimbo wa kanisani beti kwa beti, halafu ashindwe kuomba chumvi. Yaliyokaririwa tangu utotoni hupita njia nyingine kichwani. Yatumieni, someni naye, imbeni naye, inampa kujua kwamba sauti yake bado ipo.

Kulia au kucheka kusikozuilika pia ni kiharusi chenyewe, ubongo umepoteza breki. Lakini kuna huzuni ya kweli, na huwapata karibu mmoja kati ya watatu. Haamki, hataki kuoga, anasema bora angekufa. Hiyo inatibika, mwambieni daktari, msiseme tu "mwombe Mungu, mama".

Na mwenye kuuguza naye ana mgongo na ana usingizi. Kaeni kikao cha familia wiki ya kwanza kabisa, mgawane zamu za usiku, na wale walioko Dar es Salaam au Muscat ambao hawawezi kugeuza mtu watoe fedha, kwa kiwango kinachojulikana na kwa tarehe inayojulikana. Salamu za simu pekee hazigeuzi mtu kitandani.

Mtaa unaweza nini

Mengi, na kwa gharama ndogo. Kikundi kimoja cha kina mama wa vikoba ninaowafahamu walinunua mashine ya presha ya mkono wa juu, siyo ile ya kifundo, wakaiweka kwa mwenyekiti wao pamoja na daftari. Kila mwanachama anapima siku ya kuweka hisa. Aliyezidi anapewa karatasi ya namba zake aende nayo zahanati, na anaulizwa wiki inayofuata kama alikwenda. Kuulizwa huko ndiko kunakofanya kazi. Msikitini na kanisani inawezekana vilevile, mwombeni mganga mfawidhi wa zahanati yenu awatolee muuguzi siku ya kuanza awafundishe kupima, na mhusisheni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu.

Wekeni namba ya dereva wa bajaji mmoja au wawili wanaokubali kuamshwa usiku. Iandikwe ukutani nyuma ya mlango, kwa herufi kubwa, si kwenye simu ya mtu mmoja ambayo chaji imekwisha. Fundisheni watoto wa shule vile vipimo vya meno, dua na kibaba. Mara nyingi mtoto ndiye anayebaki nyumbani na babu.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo katika hospitali za serikali. Pitieni ofisi ya mtaa na ustawi wa jamii mpate kitambulisho au barua mapema, siyo siku mgonjwa yuko kwenye machela.

Mwisho ni kliniki. Aliyepata kiharusi kimoja yuko karibu zaidi na cha pili kuliko jirani yake ambaye hajawahi, kwa hiyo dawa na vipimo haviishi akianza kutembea. Siku ya kliniki mpeleke na mfuko wenye dawa zake zote, zikiwemo za mitishamba na zile alizoletewa na mgeni, na lile daftari la presha. Mkichelewa, piteni tu, msiogope kugombezwa.